Attahiru Jega: Kutoka Ofisi ya Chuo hadi Meza ya Kura

(Hotuba iliyotolewa mbele ya watumishi wa utawala, udahili na mitihani wa vyuo vikuu. Imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.)

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa meza kuu, walimu wangu ninaowaona pale mstari wa mbele, nanyi watumishi wenzangu wa masijala, udahili na mitihani: nawasalimu.

Nimeombwa nizungumzie utumishi wa umma kwa mtu aliyelelewa na chuo kikuu. Nimeona nisiwaletee kanuni. Kanuni mnazo makabatini. Nimewaletea mtu. Anaitwa Attahiru Muhammadu Jega, profesa wa sayansi ya siasa kutoka Nigeria. Amekuwa kiongozi wa chama cha wahadhiri, Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Bayero kilichoko Kano, kisha mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya nchi yenye watu wengi kuliko nyingine yoyote barani Afrika.

Naomba nianzie mwisho mwisho wa safari yake. Ni Jumanne, tarehe 31 Machi 2015, mjini Abuja, kwenye ukumbi wa kimataifa wa mikutano. Pale mbele amekaa Jega na makamishna wake. Mmoja mmoja wanaitwa wasimamizi wa majumuisho kutoka majimbo 36 na mji mkuu. Na hao wasimamizi ni akina nani? Ni Makamu Wakuu wa Vyuo. Sisi huku tumezoea kumwona mkurugenzi wa halmashauri ndiye anayesimamia uchaguzi. Kule walikuwa wasomi, kila mmoja na fomu yake mkononi, anasoma: waliojiandikisha ni kadhaa, waliohakikiwa ni kadhaa, chama hiki kura kadhaa, chama kile kadhaa, zilizokataliwa kadhaa. Wagombea urais walikuwa 14, na hata yule aliyepata kura za kuhesabika kwa vidole alisomewa zake. Kazi ilikuwa ndefu na inachosha macho. Ukiwa umewahi kukaa kwenye kikao cha seneti kinachopitisha matokeo ya mitihani ya mwaka mzima, unajua ninachosema.

Ndipo akasimama wakala wa chama tawala, Godsday Orubebe, waziri wa zamani. Akashika kipaza sauti akakataa kukiachia. Akamtuhumu Jega mbele ya kamera za dunia kwamba ana upendeleo na ukabila, kwamba hawana imani naye tena. Kazi ikasimama. Mnaijua hali ya ukumbi katika dakika kama ile: neno moja la hasira kutoka meza kuu, au askari mmoja akimkamata mtu kwa kola ya shati, basi nchi nzima inaweza kuwaka.

Jega alikaa. Akamwacha aseme mpaka maneno yakapungua yenyewe. Zamu yake ilipofika alizungumza kwa sauti ileile aliyoitumia asubuhi. Akamkumbusha ndugu yule kwamba amewahi kuwa waziri wa jamhuri, kwamba ni mtu mzima mwenye heshima yake, na kwamba mtu wa namna hiyo hupima maneno kabla ya kuyatoa mbele ya umma. Kisha akaeleza jinsi tume inavyoshughulikia malalamiko, akaita fomu inayofuata.

Wengi walioitazama siku ile huniambia, "Yule bwana kaumbwa hivyo, ana moyo wa jiwe." Mimi sikubali. Utulivu ule ulijengwa, na sehemu kubwa ya ujenzi wenyewe ilifanyika kwenye ofisi kama zetu. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1957 katika mji wa Jega, ambao sasa uko jimbo la Kebbi, kaskazini-magharibi mwa Nigeria. Kama ilivyo desturi ya watu wengi wa kaskazini, jina la mji ndilo analolibeba. Shahada ya kwanza aliisomea Kano, akamaliza mwaka 1979, akaenda kutumikia mwaka mmoja wa huduma ya taifa kama kila kijana wa Nigeria anayehitimu chuo. Naomba mlishike hilo la huduma ya taifa, tutalirudia. Baadaye akaenda Marekani, Chuo Kikuu cha Northwestern, akapata udaktari wake mwaka 1985. Akarudi Kano kufundisha.

Alirudi wakati mbaya. Serikali ya kijeshi ya Ibrahim Babangida ilikuwa imebana matumizi chini ya mpango wa marekebisho ya uchumi. Mishahara ya wahadhiri ilikuwa imeyeyuka, maktaba hazinunui vitabu, wenzake wanafunga mizigo kwenda nje. Mwaka 1988 Jega, akiwa na umri wa miaka 31 tu, akawa rais wa chama cha wahadhiri wa vyuo vikuu, ASUU. Mwaka huohuo chama kikagoma, serikali ikakipiga marufuku. Kikafunguliwa mwaka 1990. Kikagoma tena mwaka 1992, kikapigwa marufuku tena.

Hapa ndipo penye jambo la kushangaza. Chama kikiwa kimefutwa kwenye karatasi za serikali, serikali hiyohiyo ililazimika kukaa mezani na watu walewale, na tarehe 3 Septemba 1992 wakatia saini makubaliano juu ya mishahara, fedha za vyuo na uhuru wa vyuo kujiendesha. Aliyeongoza upande wa wahadhiri ni Jega. Fikirini mazungumzo ya namna hiyo. Unaongea kwa niaba ya chama ambacho kisheria hakipo. Aliye mbele yako anaweza kukufukuza kazi leo na kukuweka ndani kesho. Silaha uliyonayo ni moja tu: kwamba kila takwimu unayoitaja ni sahihi na kila neno ulilosema jana utalisema vilevile leo. Ukipandisha sauti umewapa sababu. Mwaka uliofuata serikali ikaanza kusema makubaliano yale hayaibani kisheria, na huo ukawa mwanzo wa migomo mingine mingi. Lakini mwenye macho alishaona ni mtu wa namna gani.

Mwaka 2005 akawa Makamu Mkuu wa Chuo cha Bayero. Sheria ya Nigeria inampa Makamu Mkuu wa chuo cha serikali kuu kipindi kimoja cha miaka mitano, hakuna cha pili. Na mwaka 2009 ASUU ikagoma nchi nzima, kuanzia Juni hadi Oktoba. Yule aliyekuwa akiongoza migomo sasa ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mwajiri, wenzake wa zamani wako nje ya geti. Sisi watu wa utawala tunakijua kiti hicho. Wahadhiri wanakuona msaliti, wizara inakuona mpole, wanafunzi wanahesabu miezi inayopotea. Hakuna chuo cha uongozi kinachofundisha mtu kukaa katikati hivyo. Kinachofundisha ni kukaa hapo.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, kwenye uchaguzi. Uchaguzi wa Nigeria wa mwaka 2007 ulikuwa mbovu kiasi kwamba aliyeshinda mwenyewe, Rais Umaru Yar'Adua, alikiri kasoro zake katika hotuba ya kuapishwa. Akaunda kamati ya watu 22 chini ya jaji mkuu mstaafu Muhammadu Uwais itafute dawa. Jega alikuwa mjumbe. Kwa hiyo Yar'Adua alipofariki Mei 2010, na Goodluck Jonathan, makamu wake aliyerithi kiti, akamteua Jega mwezi Juni kuongoza tume, alikuwa anakabidhiwa mgonjwa ambaye alishashiriki kuandika cheti chake.

Alifanya nini? Alifanya yale ambayo ofisi ya mitihani hufanya. Nitawaeleza kwa lugha yetu.

Mwanafunzi akija kwenye chumba cha mtihani, kwanza anaonyesha kitambulisho, jina linatafutwa kwenye orodha, anaweka saini. Vijitabu vya kujibia vinahesabiwa kabla ya kugawiwa. Mtihani ukiisha vinahesabiwa tena, idadi inaandikwa kwenye fomu, msimamizi anasaini, bahasha inafungwa mbele ya watu. Vijitabu vikizidi idadi ya walioketi, kuna mtu kaingiza cha kwake. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la tatu, lakini ndiyo inayoshikilia heshima ya shahada zote tunazotoa.

Jega aliipeleka hesabu hiyo kwenye vituo vya kura 119,973. Kwanza daftari jipya. Mwezi Januari na Februari 2011, shule zikiwa zimefungwa kupisha zoezi, waliandikishwa watu milioni 73.5 kwa kuchukuliwa alama za vidole na picha. Halafu utaratibu wa siku yenyewe: asubuhi watu wanahakikiwa, majina yanapigwa alama, mchana ndipo wanapiga kura. Kabla ya kura ya kwanza kudumbukia, kila mtu kituoni anajua waliohakikiwa ni wangapi. Kura zikizidi idadi hiyo, wakala yeyote wa chama anaweza kunyanyua mkono. Na wasimamizi? Vituoni aliweka vijana wa huduma ya taifa, huduma ileile ambayo yeye mwenyewe aliitumikia alipohitimu chuo. Kwenye majumuisho akaweka wahadhiri, na juu yao Makamu Wakuu wa Vyuo.

Nisiwafiche, si kila mwenye joho ni mwaminifu. Machi 2021, mahakama ya jimbo la Akwa Ibom ilimfunga profesa mmoja miaka mitatu kwa kughushi matokeo alipokuwa msimamizi katika uchaguzi wa 2019. Habari ile iliniuma kama msiba wa nyumbani. Lakini angalieni pia kwamba alikamatwa kwa sababu fomu zilikuwepo, zina saini na zina nakala mikononi mwa watu wengine. Tume ikampeleka mahakamani mtu wake yenyewe.

Sasa naomba niseme jambo langu mwenyewe, maana bila hilo sitaeleweka kwa nini namheshimu mtu huyu.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa msimamizi wa mitihani katika chuo kimoja. Asubuhi moja watahiniwa zaidi ya mia tatu walikuwa wameketi na karatasi za mtihani hazijafika kutoka zilikochapishwa. Saa tatu ikapita. Saa nne. Mimi niliwaambia zinakuja, dakika kumi tu. Nilisema dakika kumi mara tano. Nilikuwa najua kwa simu niliyopigiwa kwamba gari lilikuwa bado halijaondoka. Saa tano na nusu nikagawa nusu ya karatasi zilizofika, nusu ya ukumbi ikaanza, nusu ikasubiri koridoni, na mnaweza kukisia nini kilipita kati ya koridoni na ukumbini. Mtihani ule ulifutwa baada ya wiki mbili. Kuna binti mmoja alikuwa amekaa safu ya mbele, mjamzito, miguu imevimba; ilibidi arudie ule mtihani mwezi mmoja baada ya kujifungua. Nilimwona amembeba mtoto mlangoni. Hakuniambia neno.

Tarehe 2 Aprili 2011, siku ya uchaguzi wa bunge la Nigeria, fomu za matokeo hazikufika sehemu nyingi za nchi. Sehemu nyingine zilifika na watu walishaanza kupiga kura. Foleni zilikuwa ndefu. Jega, mara yake ya kwanza kabisa kuendesha uchaguzi, angeweza kusema dakika kumi. Angeweza kuacha nusu ya nchi ipige na nusu isubiri. Alikwenda kwenye televisheni mchana wa siku ileile, akasema vifaa havijafika, akasema wajibu ni wake, akasimamisha uchaguzi wa nchi nzima. Wakapanga upya: bunge tarehe 9, urais tarehe 16, magavana tarehe 26.

Nilipoiona habari ile nilimkumbuka yule binti wa safu ya mbele.

Walimtukana, ni kweli, na siku chache baadaye walimsifu kwa jambo lilelile. Lakini mwezi ule haukuwa wa sifa. Mkesha wa uchaguzi wa bunge bomu lililipuka katika ofisi ya tume mjini Suleja, likaua watu, wakiwamo vijana wa huduma ya taifa. Jonathan alipotangazwa mshindi, ghasia zililipuka kaskazini, na shirika la Human Rights Watch likahesabu waliokufa kuwa zaidi ya 800. Vijana wa huduma ya taifa waliuawa kule Bauchi, watoto wa watu, waliotumwa mbali na kwao wakahesabu kura kwa uaminifu. Mtu anayemsimulia Jega kama hadithi ya ushindi mtupu anawafuta hawa. Uchaguzi ule ulikuwa bora kuliko wa 2007, na bado watu walikufa kwa sababu nchi ilikuwa imezoea kudanganywa, hata ilipoambiwa idadi ya kweli wengi hawakuiamini. Imani haiji kwa muhula mmoja.

Ndiyo maana miaka minne iliyofuata naiona kuwa kazi yake kubwa zaidi, ingawa haina picha za kuvutia. Daftari likasafishwa. Waliojiandikisha mara mbili wakaondolewa, idadi ikashuka hadi milioni 68.8. Hebu fikirini: mtumishi wa umma anakwenda mbele ya taifa na idadi ndogo kuliko ile aliyoitangaza mwenyewe. Zikatengenezwa kadi za kudumu na mashine ndogo za kusoma kadi na vidole. Wanasiasa wengi walizipiga vita mashine hizo, na kwa kweli siku ya kura baadhi ziligoma. Zilikataa hata kusoma vidole vya Rais Jonathan kijijini kwake Otuoke, moja baada ya nyingine, mbele ya kamera. Tume ikaruhusu pale mashine zilipogoma watu wahakikiwe kwa mkono kwenye orodha, na kura ikaendelea.

Kabla ya hapo kulikuwa na usiku wa tarehe 7 Februari 2015. Uchaguzi ulikuwa umebaki wiki moja. Wakuu wa vyombo vya usalama wakaiandikia tume kwamba wanaanza operesheni ya wiki sita dhidi ya Boko Haram kaskazini-mashariki na hawawezi kuhakikisha ulinzi wa uchaguzi. Wengi waliona ni njama ya kuchelewesha. Jega alitoka usiku ule mbele ya waandishi, akasema tume imejiandaa, lakini hawezi kuwapeleka mamia ya maelfu ya wafanyakazi wake, wengi wao vijana, vituoni bila ulinzi. Akasogeza hadi tarehe 28 Machi. Wapo waliomwita mwoga. Mimi nadhani alikuwa anawakumbuka wa Bauchi na Suleja. Hakusema hivyo, hii ni fikra yangu.

Basi ndivyo tunavyorudi kwenye ule ukumbi wa Abuja. Jioni ya tarehe 31 Machi, saa kumi na moja na robo, wakati fomu bado zinasomwa, Jonathan akampigia simu mpinzani wake, Muhammadu Buhari, kumpongeza. Mara ya kwanza katika historia ya Nigeria rais aliyeko madarakani kushindwa kwa kura. Hesabu ilipokamilika ilikuwa Buhari 15,424,921, Jonathan 12,853,162. Sifa ya simu ile ni ya Jonathan mwenyewe, nami sitamnyang'anya. Ila jiulizeni ingekuwaje kama siku ile zingekuwepo hesabu mbili, ya tume na ya mtaani. Majirani zetu wa Kenya walijua uchungu wa hilo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mwenyekiti wa tume yao, akiwa ameshatangaza matokeo, aliposema hadharani kwamba hajui nani alishinda. Zaidi ya watu elfu moja walipoteza maisha.

Kuna mtu ataniuliza, na yule mwalimu wangu pale mbele ameshaanza kutabasamu maana najua swali lake: je, Jega hakuingia siasa? Aliingia. Mwaka 2019, miaka minne baada ya kutoka kwenye tume, alijiunga na chama kidogo cha PRP. Mimi binafsi ningependa asingejiunga, kwa sababu refa mstaafu akivaa jezi watu huanza kuzitazama upya filimbi zake za zamani. Lakini alingoja, na hakwenda kwa aliyemtangaza mshindi. Mwaka 2025 Rais Bola Tinubu akamteua kuwa mshauri wa mageuzi ya mifugo, kazi ya wafugaji na wakulima wanaouana kwa ajili ya malisho. Alikuwa na miaka 68. Tume nayo imeendelea kukabidhiwa maprofesa: baada yake Mahmood Yakubu, mwanahistoria, na sasa Joash Amupitan, mwanasheria kutoka Chuo Kikuu cha Jos.

Jambo la mwisho ni tarehe 30 Juni 2015. Muda wake wa miaka mitano kwenye tume ulikwisha siku hiyo. Alikuwa ameshasema mapema kwamba hataki kuongezewa, na baada ya mafanikio yale hakuna ambaye angemkatalia. Alikabidhi ofisi siku hiyohiyo, akarudi Kano, Chuo Kikuu cha Bayero, idara ya sayansi ya siasa. Kufundisha.

Ndugu Mwenyekiti, naona kengele imeshikwa. Mitihani ya muhula inaanza Jumatatu, na wenzangu wa ofisi ya mitihani bado wana vijitabu vya kuhesabu. Ahsanteni sana.